Habari ya Kuwatunza Watoto Wadogo Mama Zao Wawapo Kazini

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wazazi na walimu katika siku za Jubilei)



Siku hizi za Jubilei zimesemwa habari nyingi za majengo na za watu waliotutangulia, nazo zimetufurahisha. Sisi tumepewa kazi ya kusema habari ya watu wasioweza kukaa kitako na kusikiliza, yaani watoto wachanga, na wale wanaotambaa, na wale wanaosimama dede, hasa wale ambao mama zao huwaacha asubuhi mikononi mwa mtu mwingine. Mtuwie radhi ikiwa maneno yetu yatakuwa ya jikoni na ya nepi kuliko yale mliyozoea kuyasikia kwa katekista. Mtoto mchanga hana mambo mengine.

Sababu ya kusema haya leo mwaijua. Halmashauri ya parokia imeletewa shauri kwamba chumba cha nyuma cha shule ya chekechea kifunguliwe kwa watoto wasiotimiza miaka 3, ili mama wauzao sokoni, na wale waendao mashambani alfajiri, na walimu wetu wa kike, wapate mahali pa kuwaacha watoto wao. Shauri hilo wengi wamelipenda, nasi tumelipenda. Walakini limekuja na shauri la pili likiwa limejificha nyuma yake, kwamba kwa ajili ya uchache wa fedha awekwe yaya mmoja tu, naye akabidhiwe watoto wote, hata wakifika 20. Hilo la pili twalikataa, na twataka kuonyesha sababu zetu mbele ya wote, si pembeni.

Kwanza na tuseme habari ya mama. Zamani mtoto hakukosa mikono. Bibi alikuwa uani, shangazi alikuwa jirani, na dada wa miaka minane alimfunga mdogo wake mgongoni kwa mbeleko akaenda naye kucheza. Siku hizi dada yuko shuleni, na huko ndiko apaswako kuwa. Bibi naye ana shamba lake mwenyewe, au yu mbali mwendo wa siku mbili kwa gari. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 humpa mama aliyeajiriwa likizo ya uzazi ya siku 84 yenye malipo, na siku 100 akizaa zaidi ya mtoto mmoja. Tena akirudi kazini hupewa nafasi ya kunyonyesha isiyozidi saa 2 kwa siku. Ni sheria njema. Lakini mama auzaye nyanya ana mwajiri gani wa kumpa likizo? Na hata huyo aliyeajiriwa, siku 84 ni majuma 12, na matabibu wasema mtoto apewe maziwa ya mama peke yake, pasipo hata maji, mpaka atimize miezi 6. Hapo katikati ipo miezi mitatu ambayo mtoto angali mchanga kabisa na mama amekwisha kurudi kazini. Basi asilaumiwe mama. Tumewasikia watu, na wengine wao ni walimu, wakisema kwamba mwanamke amwachaye mtoto hana huruma. Wasemao hivyo aghalabu ni wanaume, na chakula chao cha jioni hutoka katika nyanya zile zile.

Wala jambo la kulea watoto pamoja si geni katika nchi hii. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, vijiji vya ujamaa vilianza kufungua nyumba za kulelea watoto mchana, ili mama wapate kufanya kazi. Mwaka 1981 ilitungwa sheria ya nyumba hizo, na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 ikaja kushika mahali pake. Nayo hairuhusu mtu kufungua nyumba ya namna hii pasipo kuandikishwa na kupewa leseni. Kwa hiyo chumba chetu hakiwezi kufunguliwa kwa nyimbo na vigelegele tu. Afisa wa Ustawi wa Jamii atakuja, atatazama choo, atahesabu madirisha, naye atauliza walezi ni wangapi. Twaona ni afadhali tujiulize sisi kabla hajatuuliza yeye.

Basi walezi wawe wangapi? Methali yetu yasema mkono mmoja haulei mwana, na hapo mwana ni mmoja. Tuhesabu kama mtu ahesabuvyo mikungu ya ndizi. Nyumba ikishika moto, mwanamke mmoja mwenye nguvu aweza kutoka na watoto wawili kwapani, na wa tatu mgongoni ikiwa amepata nafasi ya kumfunga. Wa nne atabaki. Uingereza sheria yasema mlezi mmoja asizidishiwe watoto 3 wa chini ya miaka 2. Mtu atasema kwamba hao ni matajiri. Ndivyo, lakini mikono yao si mitatu. Ni miwili kama ya kwetu, na hesabu hii ni ya mikono kabla ya kuwa ya fedha.

Lakini moto si jambo la kila siku. Lililo la kila siku ni hili, kwamba mlezi mwenye watoto 20 hawezi kumtazama hata mmoja. Atawalisha kwa mstari, atawapangusa kwa mstari, atawalaza kwa mstari. Saa nne mtoto akimnyoshea mikono hamwoni. Saa tano akimnyoshea tena hamwoni. Baada ya majuma machache mtoto huacha kunyosha mikono. Hapo wageni wakija husema, Tazameni jinsi watoto hawa walivyo watulivu!

Mwaka 1945 tabibu René Spitz aliandika habari za nyumba mbili alizozichunguza. Moja ilikuwa nyumba ya watoto walioachwa na wazazi. Ilikuwa safi sana, chakula chake kilipikwa kwa uangalifu, na daktari alipita humo. Ila mlezi mmoja alikuwa na watoto kama wanane, na kando za vitanda zilifunikwa kwa mashuka, hata mtoto alalaye chali hakuona kitu ila dari. Nyumba ya pili ilikuwa ndani ya gereza la wanawake, na watoto walitunzwa na mama zao wenyewe, wafungwa. Wale wa gerezani walikua, wakatambaa, wakajaribu kupanda vyuma vya vitanda vyao. Wale wa nyumba safi walirudi nyuma, wakakosa kusema na kutembea kwa wakati wake, wakashikwa na maradhi kwa urahisi, na wengi wakafa. Usafi haukuwa kosa, maana usafi ni lazima, nasi tutausema hivi punde. Kilichokosekana ni mtu.

Habari nyingine ni ya jirani zetu Waganda. Mwaka 1954 bibi mmoja, Mary Ainsworth, alifika Kampala pamoja na mumewe, akaanza kuzitembelea jamaa 26 katika vijiji vya karibu. Alikwenda kila baada ya majuma mawili, akaketi kwa muda mrefu pamoja na mama, akatazama tu mtoto afanyavyo. Na kitabu chake kilitoka mwaka 1967. Aliona jambo ambalo kila bibi wa kwetu alijua lakini hakuliandika. Mtoto anayetambaa humwacha mama, akaenda kushika kibuyu kilicho kando. Akifika hugeuka kumtazama mama. Akimwona yupo, huenda mbele zaidi. Akiogopa, hurudi mbio. Mama ni kama bandari, na chombo hakiendi mbali ikiwa hakina bandari ya kurudia. Tena aliona kwamba mama walioweza kueleza kila jambo dogo la watoto wao, alipolala, alichokataa kula, kilio hiki kina maana gani, watoto wao hawakulia sana kama wengine. Na liko neno la tatu ambalo latufaa sisi: watoto wale walishikamana pia na baba, na bibi, na ndugu wakubwa. Maana yake mtoto aweza kuwa na bandari ya pili. Mlezi wa mchana aweza kuwa bandari hiyo, asimwibie mama kitu. Lakini ni lazima awe mtu yule yule kila siku, si leo huyu, kesho yule, keshokutwa msichana aliyekuja kwa kibarua.

Kwa hiyo twaomba kila mtoto atakayeingia awe na mlezi wake, ajulikane kwa jina. Huyo ndiye ampokeaye asubuhi, amlishaye, ambadilishaye nepi, amlazaye. Msidhani kubadilisha nepi ni kazi ya chini tu. Mwaka 1946 tabibu Emmi Pikler alianza kuongoza nyumba ya watoto huko Budapest, katika barabara iitwayo Lóczy, akawafundisha walezi wake wamwambie mtoto jambo kabla ya kulifanya: Sasa nakuinua, nipe mguu wako, maji ni ya baridi kidogo. Mtoto wa miezi mitatu hajui maneno hayo, lakini hujua kwamba anasemeshwa, na siku moja huinua mguu mwenyewe. Kwa mtoto mchanga hiyo ndiyo shule, na kwa umri huo haitaki ubao wala chaki. Tumeona chekechea ambamo watoto wa miaka miwili wameketishwa katika madawati wakikariri herufi, na wazazi wakijisifu kwa jambo hilo. Afadhali wapewe vifuniko vya sufuria, na kata, na vikapu vya kutia na kutoa, na mtu wa kuwaimbia kwa lugha ya nyumbani kwao.

Sasa habari ya kuagana, ambayo walimu wa chekechea waijua kwa machozi. Desturi iliyoenea ni mama kumtoroka mtoto. Yaya humwonyesha kuku, au humpa andazi, na mama hupita mlango wa nyuma. Mtoto akigeuka, mama hayupo. Watu husema ni kumwepusha na kilio. Sivyo, kilio hakikuepukwa, kimeongezewa hofu, kwa sababu tangu siku hiyo mtoto hajui ni saa ngapi mama atatoweka, na hata nyumbani humng'ang'ania asimwache kwenda msalani. Mama na aage. Aseme, Nakwenda sokoni, nitarudi baada ya uji wa jioni, kisha aende kweli, na arudi kweli. Mtoto atalia, na mlezi atamshika akilia. Siku za kwanza mama akae naye humo chumbani, siku ya pili aondoke kitambo kidogo, siku ya tatu azidishe, mpaka mtoto azoee uso wa mlezi. Mama wa sokoni atasema hana siku za kupoteza, twajua, hata siku tatu za saa moja moja ni bora kuliko kutokuwa na hata moja.

Tena tusidanganywe na mtoto aliyenyamaza. Mwaka 1952 James Robertson alionyesha picha ya sinema ya mtoto wa miaka miwili aliyelazwa hospitali huko London, wakati ambao wazazi waliruhusiwa kuja kwa saa chache tu. Alieleza kwamba mtoto aliyetengwa hulia kwanza na kupigania mama. Kisha hukata tamaa, akanyamaza. Kisha huonekana kama amezoea, hucheza na kila mtu, na mama akija hageuki kumtazama. Wauguzi walisema, Ametulia. Mwaka 1959 serikali ya huko ilishauriwa kuwafungulia wazazi milango ya mawodi. Mwalimu amwonapo mtoto mgeni ambaye halii kabisa, wala hachezi, wala hatafuti mtu, asishukuru; amchukue mapajani.

Tuje kwa hatari za mwili. Hapa tutasema waziwazi, maana mtoto afaye kwa uzembe hafufuliwi na udhuru.

Usingizi. Mtoto wa chini ya mwaka mmoja alazwe chali kila alalapo, mchana na usiku, juu ya godoro gumu kidogo lililo sawasawa au mkeka wenye tandiko lililokazwa, pasipo mto, pasipo blanketi zito, pasipo nguo karibu na uso. Wazee wengi walifundishwa kumlaza kifudifudi ili asipaliwe na matapishi, na hata madaktari wa Ulaya na Marekani walikuwa wakisema hivyo. Uingereza walipoanza kuwatangazia watu mwaka 1991 kwamba mtoto alazwe chali, vifo vya ghafula vya watoto usingizini vilipungua kupita nusu katika miaka michache; Marekani walifuata mwaka 1994. Kila mtoto alale mahali pake, chini ya chandarua, asibanwe na mwenzake. Mlezi asikae chumba kingine, bali aende amtazame kifua kama chapanda na kushuka. Tena jiko la mkaa lisiingizwe kamwe katika chumba wanamolala, hata siku za mvua na baridi. Makaa yanayowaka katika chumba kilichofungwa hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, nayo huua mtu mzima, sembuse mtoto.

Maji. Kichwa cha mtoto anayesimama dede ni kizito kwa kiasi cha mwili wake. Akichungulia ndoo akaanguka kichwa mbele, hana nguvu ya kujitoa, na maji ya kimo cha vidole vichache yatosha kumwua, wala hapigi kelele. Nyuma ya chumba kile kinachotajwa lipo pipa la kukingia maji ya mvua, na kifuniko chake kimevunjika tangu mwaka jana. Hatusemi zaidi.

Mafuta ya taa yasiwekwe katika chupa ya soda. Kijiji hiki chamjua mtoto aliyeyanywa kwa kiu ya mchana, akapona kwa shida. Mtoto akinywa mafuta, asitapishwe kwa maziwa wala kwa kidole, maana yakipanda huingia mapafuni. Apelekwe hospitali upesi. Na aliyeungua kwa uji au chai amwagiwe maji safi ya baridi muda wa dakika 20, asipakwe dawa ya meno, wala mafuta, wala unga, wala majivu.

Watoto hawa hutia kila kitu kinywani. Karanga nzima, bisi, punje za mahindi, sarafu, shanga na vifungo visikae wanapofika. Betri ndogo za mviringo zitiwazo katika saa na vitu vya kuchezea ni mbaya kuliko vyote. Ikikwama kooni huweza kuunguza nyama kwa muda wa saa 2, basi mtoto apelekwe mara moja, isingojwe itoke yenyewe. Mtoto wa chini ya mwaka mmoja akipaliwa, asiweze kulia wala kukohoa, mlaze kifudifudi juu ya mkono wako, kichwa kikiwa chini kuliko kifua, umpige kwa kiganja mara 5 katikati ya mabega. Kisha mgeuze chali, ubonyeze katikati ya kifua kwa vidole viwili mara 5. Rudia hivyo mpaka kitoke, na mwingine akakimbilie msaada. Aliyepita mwaka mmoja hubanwa tumboni juu ya kitovu badala ya kubonyezwa kifua. Usitie kidole kinywani kutafuta usichokiona. Walezi wote walifanye jambo hili kwa mwanasesere mbele ya muuguzi, wasiridhike na kulisoma hapa.

Iko hatari moja itokayo kwa mlezi mwenyewe. Mtoto aliapo saa nzima, na mlezi ana watoto wengi, na amechoka, mikono humwasha kumtikisa. Kumtikisa mtoto mchanga kwa nguvu huweza kumvujisha damu ndani ya kichwa, kumpofusha, hata kumwua, na kwa nje kusiwe na alama. Mlezi aliyefika hapo na amweke mtoto chali mahali salama, amwite mwenzake, atoke nje avute pumzi. Hapo ndipo mwenzake huhitajiwa. Aliye peke yake amwite nani?

Juu ya chakula. Mama aweza kukamua maziwa yake asubuhi, yakatiwa katika chombo safi chenye mfuniko na jina la mtoto. Katika joto lisilozidi nyuzi 25 hukaa saa 4. Siku za joto kali yasingojee muda huo. Mtoto apewe kwa kikombe, si kwa chupa yenye chuchu, ambayo haisafishiki vizuri. Asali asipewe kabla ya kutimiza mwaka mmoja, maana huweza kuwa na vijidudu ambavyo matumbo ya mtoto mchanga hayawezi kuvishinda. Baada ya miezi 6 apewe uji, na uji usiwe maji. Uwe mzito hata usitiririke kwenye kijiko, wenye unga wa karanga, au dagaa waliosagwa, au yai. Mwaka 1933 daktari Cicely Williams, aliyekuwa akifanya kazi katika nchi ambayo leo ni Ghana, aliandika habari za ugonjwa wa watoto waliovimba miguu na nywele zao kubadilika rangi, kisha akautaja kwa jina la wenyeji, Waga, nalo ni kwashakoo. Kwa lugha yao ni ugonjwa umpatao mtoto mdogo wake azaliwapo, yaani yule aliyeachishwa ziwa akapewa uji mtupu. Mlezi awe macho kwa watoto wa mwaka mmoja na miwili. Wale wachanga humhurumisha kila mtu, na hao wakubwa kidogo husahauliwa na sahani ya pamoja huliwa na wenye mikono mirefu.

Mikono ioshwe kwa maji yanayochirizika na sabuni baada ya kila nepi na kabla ya kila chakula. Kibuyu chirizi hugharimu kidumu kimoja, kamba na kijiti. Wanafunzi wa darasa la sita wataweza kukitengeneza mchana mmoja. Mtoto mwenye kuhara apewe maji ya chumvi na sukari ya pakiti kwa kipimo kilichoandikwa, pamoja na zinki, na chakula kisikatwe. Asiyeweza kunyonya, atapikaye kila kitu, aliyelegea asiamke, mwenye degedege, hao wote ni wa hospitali saa ile ile. Degedege si ndege, na aghalabu ni homa kali au malaria. Kila mtoto aingiapo aje na kadi ya kliniki, ionekane kwamba amechanjwa.

Wako watu wetu ambao mtoto akihara au akikohoa humpeleka kwa fundi akamng'oe meno ya plastiki au akamkate kimeo. Hayo wanayoyaita meno ya plastiki ni meno halisi ambayo hayajatoka katika ufizi, nayo hung'olewa kwa chombo kisicho safi. Watoto wamekufa kwa damu na kwa vidonda hivyo, na kuhara kukabaki pale pale. Mlezi wa nyumba yetu asishiriki jambo hilo, wala asimwelekeze mama kwa fundi huyo. Tena nyuzi za hirizi na shanga za shingoni zivuliwe mlangoni. Hatuanzi hapa mabishano ya hirizi. Twasema juu ya uzi, kwamba hunasa katika msumari na kumkaba mtoto.

Na lipo jambo ambalo watu hupenda tulinyamazie. Wapo watu wanaowadhuru watoto wadogo, na si wageni tu. Mlango wa chumba uwe wazi, walezi wawe wawili daima, na mtoto asikabidhiwe ila kwa mtu ambaye jina lake limeandikwa na mama, hata ajapo mtu mwenye heshima, hata ajapo mmoja wetu. Sheria ya Mtoto yampasa kila mwenye habari za mtoto kudhulumiwa apeleke habari hizo kwa serikali ya mahali pake. Simu ya namba 116 hupokea mashtaka ya watoto pasipo malipo.

Sasa turudi kwa yaya. Twasikia kwamba mshahara uliotajwa ni mdogo kuliko wa mtu anayekata majani uwanjani. Basi tutampata nani? Tutampata msichana wa miaka 16 asiyepata kazi nyingine, naye atakaa miezi miwili, kisha ataondoka, na watoto wataanza upya na uso mpya. Atakaa na simu mkononi, na televisheni itawashwa ili watoto wanyamaze. Na Shirika la Afya Duniani lilisema mwaka 2019 kwamba mtoto wa chini ya miaka 2 asiketishwe mbele ya picha hizo. Hatumlaumu msichana huyo. Tutakuwa tumemnunua kwa bei hiyo. Twajua mama hawawezi kulipa yote, kwa hiyo shauri letu ni kwamba sadaka moja ya kila mwezi, iliyokusudiwa kwa ukuta wa mbele, iende katika mishahara ya walezi wawili mpaka mwisho wa mwaka. Ukuta umesimama miaka mingi pasipo plasta, na utaweza kungoja.

Twaomba kianzwe na watoto 6 tu, walezi wawili, wanawake wazima wenye subira, wafundishwe na muuguzi wa zahanati kwa muda wa mwezi mmoja kabla ya mlango kufunguliwa. Pipa la maji lifunikwe kwanza, madirisha yatiwe wavu, na Afisa wa Ustawi aitwe. Mama ambao watoto wao hawatapata nafasi watanung'unika, na watakuwa na haki. Waambiwe kwamba mlezi wa tatu akipatikana, watoto 3 wengine wataingia.

Halmashauri itakaa Jumamosi ijayo. Mkutano ulitangazwa kuwa saa nne asubuhi, saa ambayo mama wote wenye haja na nyumba hii wako sokoni. Tumemwomba mwenyekiti ausogeze mpaka saa kumi na moja jioni, wakiisha kufunga meza zao, naye amekubali. Waje na watoto wao.